Barua Kumi na Moja za Fundi Saa

Shangazi, mwaka mzima umepita tangu Alhamisi ile ulipoiweka kalamu nyekundu mezani, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chai, na hukuamka tena. Chai ilipoa ikiwa imefunikwa na riwaya, kama ulivyozoea kufunika kila kikombe. Baba amenipa mimi kazi ya kuandika tangazo hili kwa niaba ya familia. Ameagiza liwe la heshima na liwe fupi. Heshima ipo. Ufupi ndio umetushinda.

Kwa miaka ishirini na sita ulikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, ukiwinda makosa ya watu kabla hayajachapwa. Kazi hukuiacha kazini. Kadi ambayo Baba alimwandikia Mama uliirudisha na alama sita kwa kumi. Tangazo la mlangoni kwa daktari wa meno ulilisahihisha huku shavu limekuvimba.

Jioni, katika chumba cha nyuma, uliandika riwaya zako za mapenzi. Ulichukua hadithi za kale, zile ambazo wapendanao hufa wote ukurasa wa mwisho, ukazileta mtaani.

"Wanakufa kwa sababu gani hasa?" ulikuwa ukiuliza, umekasirika kana kwamba ni majirani zetu. "Ujumbe umechelewa, basi! Mtu anazikwa kwa sababu ya tarishi!"

Katika riwaya zako ujumbe ulifika. Yule kijana aliyerukwa na akili akawa anatangatanga jangwani, ulimfanya dereva wa lori aliyekosa mtandao, na mpenzi wake ukamfanya fundi wa minara ya simu. Wale wawili wa koo zenye uhasama uliwapa maduka mawili ya dawa yanayotazamana, na msichana alipoiinua chupa ya sumu, akasoma lebo kwanza: muda wake wa matumizi ulikuwa umekwisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka.

"Ningefanyaje?" ulisema. "Niwaue?"

Mwenyewe hukuolewa. Mezani kwako palikuwa na viti viwili, kimoja cha kwako, kingine cha makaratasi.

Sasa, Shangazi, mbele ya ndugu, jamaa na wasomaji wote wa gazeti hili, naomba kuungama. Yule fundi saa mstaafu, mgane, aliyekuandikia kila baada ya wiki mbili kuzisifu riwaya zako, aliyesema anaishi peke yake na saa kumi na tisa zisizokubaliana, hakuwepo. Alikuwa mimi, kitanda cha juu, bweni la pili. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili usinitambue. Majibu yako yalipitia kwa mlinzi wa lango la shule, niliyemlainisha kwa vipande vya sabuni.

Nilidhani ni mzaha wa muhula mmoja. Likizo ilipofika ukavaa miwani, ukanisomea barua yangu mwenyewe.

"Unamwonaje huyu mzee, Kiroboto?"

"Mtu mzima, Shangazi. Ana busara zake."

"Busara anazo. Mwandiko ndio umemtupa mkono."

"Labda anatetemeka. Uzee."

"Labda," ukasema, ukaikunja taratibu, ukaitia kwenye droo.

Nilikwenda kucheka bafuni, taulo mdomoni.

Likizo iliyofuata sikucheka. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Makaratasi ulikuwa umeyahamishia sakafuni, na juu ya kiti umeweka mto mpya wa bluu.

"Kuna mgeni?" nikauliza.

"Huenda," ukasema, ukaupangusa mto ambao haukuwa na vumbi.

Nikajua unamngoja mtu asiye na miguu ya kumfikisha.

Niliporudi shuleni nilikuandikia kwa jina langu, nikasema yote. Niliituma barua Jumatatu. Alhamisi ukaondoka. Ilifika siku moja baada ya mazishi, na Baba akaitia kwenye droo yako bila kuifungua. Ujumbe uliochelewa, Shangazi. Kosa lilelile ulilolichukia maisha yako yote, na aliyelifanya ni mtu wa nyumbani.

Mwaka huu wote nimeamini kwamba ulikufa ukimsubiri mtu niliyemtunga. Sikumwambia yeyote. Bwenini wanaulizana mbona utundu umeniisha. Kila baada ya wiki mbili mkono wa kushoto hutafuta karatasi wenyewe, kisha hukumbuka kwamba hakuna wa kuandikiwa.

Jumamosi iliyopita Baba alinituma kwenye droo yako nitafute picha ya kuweka hapa. Barua zote kumi na moja zilikuwamo, nyekundu kwa masahihisho. Kwenye ya kwanza kabisa, pale fundi saa alipojiita "wako wa thati", umezungushia duara na kuandika pembeni: "DHATI! DHATI! Tangu darasa la nne namwambia Kiroboto!"

Ulijua tangu ile ya kwanza.

Kwenye ya tano, chini ya alama saba kwa kumi, umeandika: "Akiandika kwa jina lake, mistari mitatu: sabuni imekwisha, viatu vimetoboka, msalimie Baba. Akiwa mzee wa saa, kurasa nne. Acha mzee aendelee kuishi."

Nilimweleza Baba yote, hata habari ya mlinzi, naye akazisoma akiwa amesimama. "Kumbe sabuni zilikuwa zinakwenda huko," akasema, kisha akatoka nje, miwani ameiacha mezani.

Na kwenye ya kumi na moja: "Kiti ni cha Kiroboto. Siku akikiri mwenyewe, akae, tuandike pamoja sura ya mwisho."

Kwa hiyo mgeni uliyemngoja alikuja. Alisimama mlangoni, akauliza kama kuna mgeni.

Nimekikalia kiti hicho ninapoandika haya. Mto bado haujazoea kukaliwa. Cha kwako hatujakigusa. Barua yangu ya kuungama sijaifungua. Nimeiweka chini ya zile nyingine, ya kumi na mbili. Ndiyo pekee isiyo na alama.

Unakumbukwa na kaka yako, ambaye siku hizi husoma kadi zake mara mbili kabla ya kumpa Mama, na wifi yako, anayefunika kila kikombe kwa riwaya zako, na Kiroboto.

Mhariri wa gazeti, tafadhali usiliguse neno la mwisho. Lina mwenyewe.

Shangazi, siku zote tutakukumbuka, kwa thati.