Kasha Chini ya Zulia

Maskati, 3 Mei 1998

Kwa dada Mwanarusi,

Shikamoo. Natumai barua hii yawakuta nyote salama hapo Mwabungo, Baba na kifua chake, na Zainabu wangu na mzigo alionao. Mimi sijambo, ila joto la huku lanichemsha.

Kavumbi, mwenzangu wa hapa gereji, anakuja nyumbani, nimempa wufa, ile spika kubwa ya besi, na amplifaya yake. Nataka ifungwe kwenye kigari changu lakini isionekane. Wamjua Baba: muadhini hawezi kukalia muziki. Mtafute Jared, yule fundi wa bara atengenezaye makasha ya spika pale Ukunda. Mwambie atoe spea taya, lile tairi la akiba, alichonge kasha ndani ya lile shimo la buti, juu azibe kwa ubao na zulia, mtu akifungua asijue kitu. Nikija Desemba, Diani watanitambua.

Nduguyo mdogo,
Kheri

Mwabungo, 30 Mei 1998

Mdogo wangu Kheri,

Marahaba, mtundu wewe. Sisi wazima. Baba akohoa kidogo tu, na Zainabu tumbo lamtangulia kila aendako.

Kazi yako imekwisha. Jared alikuja Baba alipokwenda matangani. Alikata plaiwudi za mviringo, akazipanga moja juu ya nyingine mpaka zikalijaza shimo, kama sufuria ndani ya sufuria. Nikamuuliza mbona amwaga gundi kana kwamba yapatikana bure, akanijibu, “Sista, hewa ikitoroka hapa, besi itakohoa kama huyo mzee wenu.” Hana adabu, lakini kazi aijua. Tulipoijaribu, mabati ya jikoni yalitetemeka na kuku wa jirani wakaruka ua. Nilicheka hata nikakaa chini.

Sasa nambie, hii spea taya iwe wapi? Nimeisukuma uvunguni mwa kitanda changu. Gari huliendesha Baba, na Zainabu siku zake zakaribia. Moyo wangu hautulii.

Dada yako,
Mwanarusi

Maskati, 21 Juni 1998

Kwa dada,

Shikamoo tena, na Mungu akuzidishie afya. Mimi nimefurahi hata wenzangu wa hapa gereji waniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Spea iache huko huko uvunguni. Tairi zote nne nilizinunua mpya. Ukimwambia Baba habari ya spea, atauliza na mengine, na yeye akianza kuuliza hamalizi. Wewe nyamaza mpaka nije.

Nduguyo,
Kheri

Mwabungo, 2 Agosti 1998

Kheri,

Salamu leo sizipati. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Zainabu yu hai. Mwanao wa kiume hakuwahi kulia.

Uchungu ulimshika asubuhi. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, akimbizwe Msambweni. Baba akaendesha. Tulipoipita Gazi, tairi la nyuma likapasuka. Baba akatoa jeki, akafungua buti, akapapasa zulia. Akapapasa tena. Akaniuliza, “Mwanarusi, spea iko wapi?”

Hata ningesema, isingetoka uvunguni ikatufuata. Zainabu alikuwa ameuma leso yake ndani ya gari, na magari yote yaliyopita yalikuwa yamejaa. Mwisho lori la mchanga likatuchukua. Daktari alisema tumechelewa, basi, hakusema zaidi.

Hiyo si yote. Baba aamini kwamba aliisahau spea kwa fundi wa pancha. Kila siku aenda Ukunda kumuuliza, na yule fundi amechoka kumwapia. Kuadhini ameacha. Asema aliyemuua mjukuu wake hana uso wa kuwaita watu kwenye sala. Kheri, amenituma nikuandikie kwamba akuomba radhi. Baba, akuomba radhi wewe! Nimjibu nini?

Dada yako,
Mwanarusi

Maskati, 25 Agosti 1998

Kwa dada,

Shikamoo. Barua yako imenivunja. Sili, silali, kazini nimeomba ruhusa. Mpe Zainabu pole zangu zote.

Baba mwambie nimemsamehe. Mwambie asijilaumu, ni kadari ya Mungu, na mimi mwanawe sina kinyongo naye. Habari ya kasha usimwambie mtu yeyote. Na Jared pia mfunge mdomo.

Nduguyo,
Kheri

Mwabungo, 14 Septemba 1998

Kheri,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani mkono si wako. Umemsamehe! Wewe! Nimekubeba mgongoni utoto wako wote, na wallahi sikujua nimembeba nani.

Nilikwenda nayo barazani nimsomee Baba, kama ulivyotaka. Alikuwa amejiweka sawa kusikiliza, kofia ameivua ameishika kwa mikono miwili. Nikashindwa. Nikamwambia yote, wufa na Jared na kitanda changu, wala nafsi yangu sikuitoa lawamani. Nilidhani atanipiga. Aliuliza neno moja tu: “Zainabu ajua?”

Nikageuka. Zainabu alikuwa amesimama mlangoni na chai ya Baba mkononi. Aliiweka chini taratibu, akaingia ndani kufungasha nguo zake.

Dada yako,
Mwanarusi