Siku Mama Alipoacha Kwenda Sinema

Jumamosi, Busia. Mvua imenyesha tangu saa saba mchana na moyo wangu ni mzito.

Leo wameezua paa la sinema ya zamani. Nilikuwa natoka sokoni nikaona vijana wako juu, wanarusha mabati chini. Ukuta wa mbele bado umesimama, rangi yake ya samawati imebabuka. Nilisimama pale na mwavuli wangu mpaka viatu vikajaa maji.

Miaka ya tisini, nilipokuwa sekondari, jumba hilo lilikuwa limeshachoka. Wakubwa walisema zamani filamu zilikuja kwa mikanda mikubwa kutoka Kisumu. Sisi tulikuta televisheni moja na deki ya video mbele ya mabenchi. Aliyejaza ukumbi ni Wasswa, Mganda wa ng'ambo ya mpaka, aliyekaa kando ya televisheni na maiki akitutafsiria. Mchina akiruka juu ya paa, Wasswa anasema, "Huyo ni Wafula wa Matayos, anatoroka baba mkwe!" Watu walicheka hadi machozi.

Mama yangu alikuwa mjane kwa miaka miwili, tangu baba afariki. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani kutoka Osieko, akarudi, akapika, akalala. Hakucheka. Jumamosi moja mvua ilimkuta sokoni, akajikinga ndani ya sinema. Jioni alitusimulia filamu yote, akiigiza sauti ya kila mtu, mwiko mkononi, mpaka ugali ukaungua.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ana meno mazuri.

Tangu siku hiyo alienda kila Jumamosi mchana pamoja na jirani yetu, Mama Atieno. Baadaye Wasswa akaanza kupita nyumbani. Alikunywa chai uani, wakicheka yeye na Mama. Shuleni wasichana wakanianza: mama yako ameolewa na sinema. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na niliona aibu.

Nilimwambia yote Baba Mdogo, ndugu ya marehemu baba, aliyekaa Matayos. Hakuna aliyenituma.

Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Mama aliitwa sebuleni, akawasikiliza wakimkataza sinema na Wasswa, huku anaangalia mikono yake. Jumamosi iliyofuata alibaki nyumbani akichambua mchele. Wasswa hakuja tena. Miaka michache baadaye watu walikuwa na televisheni zao, na ukumbi ukageuka stoo ya mahindi.

Lakini kilichonishika pale kwenye mvua ni jambo lingine. Mama aliuliza ni nani aliyepeleka maneno Matayos. Nilinyamaza. Akaamua ni Mama Atieno. Wanawake waliokuwa wakiombana chumvi waliacha hata kusalimiana, nami nilipita katikati yao kila asubuhi na sare yangu ya shule.

Nimenyamaza miaka yote hii.

Leo nilirudi nimelowa chapachapa. Mama, ambaye sasa anaishi kwangu, alikuwa anakunywa uji. Nikamwambia sinema inabomolewa. Halafu, kabla sijaogopa, nikamwambia na hilo lingine.

"Kumbe ni wewe, Nekesa?"

"Ni mimi, Mama. Mama Atieno hakusema kitu."

Aliweka kikombe chini. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Mama Atieno alipokufa walikuja kuniita," alisema. "Nikawaambia niko na homa. Sikuenda hata kumlilia."

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Hakuiondoa, wala hakunigusa. Nilitaka kumuuliza kama alimpenda Wasswa, lakini nani mimi wa kuuliza?

Kisha akasema, "Yule binti yake, Atieno, bado anakaa Alupe?"

"Nasikia bado yuko."

"Basi kesho tukitoka kanisani tunaenda kwake. Mimi nitasalimia tu. Wewe ndio utaongea."

Sasa yuko chumbani, anatafuta kitambaa chake cha kichwa cha kwenda kanisani. Hajanisemesha tena. Mimi niko mezani na simu, najaribu kupanga maneno ya kumwambia Atieno, nayafuta, naanza upya.

Nimeamua nisipange. Kesho nitabisha hodi, na neno langu la kwanza litakuwa jina la mama yake, kisha kwamba hakuwa na kosa.