Mwalimu Mwinjuma, Watani Wako Wamenyamazishwa

Wewe unayesomewa karatasi hii hapa sokoni, usigeuze uso kwenye mafungu ya nyanya. Ulikuwepo makaburini siku ile. Uliona, ukainamisha kichwa ukahesabu vidole vya miguu yako. Leo hatusemi nawe kwanza, tunasema na marehemu wetu. Lakini kaa hapo hapo usikie.

Mwalimu Mwinjuma bin Pazi, masika yamerudi, mto umejaa, na mwaka umetimia tangu homa ikuchukue. Chaki yako ya mwisho bado iko dirishani. Mkeo Mwaisha hataki mtu aiguse.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukifika shuleni kabla ya jua, kanzu umeikunja magotini kwa ajili ya umande. Kabla ya herufi, kabla ya hesabu, kabla ya ule wimbo wa Kaisari wa Wajerumani, ulikuwa ukiuliza: "Nani hajala?" Mtoto akiinua mkono, somo halianzi.

Na tunakumbuka vita vya mawe! Watoto wa mjini upande huu wa kijito, wa mlimani upande ule. "Nyie wa mlimani mnanuka moshi!" "Nyie wa mjini hata mchicha mnanunua!" Mpaka Salum wa mjini akampasua Andrea wa Matombo, kule mlimani, juu ya jicho. Kila mtu alingoja utoe kiboko. Wewe ukatoa swali.

"Salum, mama yako ni wa ukoo gani?"

"Mimi ni wa mjini, Mwalimu."

"Sijakuuliza mtaa, bwana mkubwa. Nimekuuliza mama. Nenda kaulize nyumbani, kesho uniletee."

Kesho yake akaja amechangamka mno. Mama yake alizaliwa huko huko juu, na ukoo wake na ukoo wa mama yake Andrea ni watani tangu mababu! Ulipiga makofi, Mwalimu, ukacheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya! Mtani hampigi mtani. Mdomo ruhusa, jiwe marufuku!"

Andrea, bandeji kichwani, hakungoja kuambiwa mara mbili. "Mtani, hicho ni kichwa au kibuyu cha kuchotea maji?"

"Kibuyu, na wewe ndiye panzi uliyezama ndani!"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Wiki ile watoto arubaini walikwenda kuwauliza mama zao, na mama wengi wa mjini walilia kwa kuulizwa jambo ambalo hawajaulizwa tangu waolewe. Ndipo ilipoanza saa yako ya watani. Kila asubuhi matusi ya heshima, kisha daftari. Ukawafundisha na upande wa pili wake: mtani akiugua, wewe ndiye wa kwanza kufika, mtani akiwa na njaa, chakula chako si chako. Salum alipokosa siku mbili, Andrea alishuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, akamkuta anatetemeka kwa homa. "Nimekuletea," akamwambia, "maana mdomo wako ukiwa mtupu unanitukana vibaya."

Hiyo ndiyo shule! Mwislamu na Mkristo, mjini na mlimani, kijito kile kile, na hakuna jiwe.

Mdogo wako Mikidadi, aliyejifunza kusoma kwenye maandishi ya magunia pale stesheni, hasahau kitu. Anakumbuka jeneza lako lilivyofika kaburini, na Andrea na Salum wakaruka mbele kulizuia, kama watani wanavyozuia. "Haingii huyu! Hajasahihisha daftari zetu! Mwalimu mvivu, amka!" Machozi yanawatiririka, na sisi wafiwa tukacheka katikati ya kilio. Bibi Shamsia, dada yako, alishika mbavu. Heshima gani ingezidi ile?

Akida, aliyewekwa na Wajerumani atutawale, hakuelewa. Mgeni, alikuwa ametoka pwani mwezi mmoja tu kabla ya hapo, hajui mila ya hapa. Akaona watoto wanamtukana maiti. Akamwita askari. Viboko vitano Andrea, vitano Salum, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

Akida tunaweza kumsamehe ujinga, maana hakujua. Nyinyi mlijua! Wanaume sitini, Mikidadi anawajua kwa majina na kwa mahali mliposimama, na hakuna aliyefungua mdomo kusema maneno matatu tu: "Bwana, ni utani." Modesta, mama yake Andrea, peke yake ndiye aliyepiga kelele, mkamvuta kanga mkamnyamazisha.

Tangu siku ile saa ya watani imepigwa marufuku. Mwalimu mpya anaanza na hesabu. Hakuna anayeuliza nani hajala. Na mawe, Mwalimu, yamerudi kijitoni.

Lakini sikia habari hii, ikufurahishe huko uliko! Juzi Modesta aliwakuta Andrea na Salum wamejificha nyuma ya ghala wanatukanana kwa kunong'ona, huku wakigawana muhogo. Hawajaacha! Mbegu yako iko hai!

Tunaokuenzi ni mkeo Mwaisha, dada yako Shamsia, mdogo wako Mikidadi, na Modesta, ambaye si wa damu lakini ni mtani, na mtani ni zaidi. Hutatoka midomoni mwetu maadamu tuna meno ya kuchekea.

Sasa wewe uliyesimama hapo. Jumatatu asubuhi akida anakuja shuleni kuandika marufuku ile iwe sheria ya kudumu. Akishaandika, imekwisha. Njoo na mwanao. Usije na rungu, wala usije na hasira, hiyo tuachie sisi. Simama mlangoni, taja ukoo wa mama yako kwa sauti, umtanie mtani wako mbele ya akida mpaka naye acheke. Mwaka jana ulikosa maneno matatu. Jumatatu yaseme!