Nilivyoukazia Macho Ukuta

Mpenzi Roslyn,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba mbwa amekula mkia wa kangaruu niliokuwekea utakaporudi kutoka kusafishwa figo. Mimi, mkalimani wa polisi mwenye kitambi, nilishindwa kumkimbiza.

Mama yako yuko mahabusu. Mumewe, Clifton, alimpiga tena, na polisi walipofika wakamkuta mama ameshika kikaango.

"Nani kaanza, Desmond?" wakaniuliza.

Clifton akacheka. "Muulizeni huyo mkwe, kama ana ubavu hata wa kumtazama mama mkwe wake!"

Nikaukazia macho ukuta, kama mila inavyomtaka mkwe. Wakadhani nimekubali kwamba mama ndiye aliyeanza, wakamtia pingu. Leo nimewaeleza ukweli; wanasema faili limeshakwenda mahakamani.

Mila inanikataza kusema na mama mkwe, Roslyn. Haikunikataza kumtetea. Nilimwona Clifton dirishani akimpiga. Nilinyamaza kwa kumwogopa.

Mumeo,
Desmond