Mwethya ya Mtaro wa Chini

Jumanne, 17 Septemba

Nimekamua mbuzi mmoja. Yule mwingine amekataa, ana kiburi tangu azae. Chai. Kisha mtaro wa chini, kuutazama tu, kama mtu anayefunua kidonda kila asubuhi kuona kama kimepona. Hakijapona. Mtaro umejaa mchanga na tuta limebomoka mahali pawili. Mvua ya Oktoba ikikuta hali hii, udongo wangu wote utahamia kwa jirani.

Muthama, mwanangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Yule mtu wa kununua shamba bado anasubiri jibu. Muthama anasema nikakae Kitui mjini kwa dada yake, hospitali iko karibu, maji ya mfereji yanatoka ndani ya nyumba. Kila analosema ni zuri. Ndiyo maana nakasirika.

Nikamwambia nitaita mwethya, majirani wachimbe pamoja kama zamani. Watu wakitoka kunichimbia mtaro, sihami hapa. Wasipotoka, auze. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulinitangulia. Mwethya haijaitwa upande huu tangu Baba Muthama akiwa hai.

Jumapili, 22 Septemba

Pasta ametangaza. Jumamosi asubuhi, kwa Mama Muthama, kuchimba mtaro, kila mtu na jembe lake. Watu wakapiga makofi. Tangu lini jembe likapigiwa makofi? Zamani Kalunde, rafiki yangu wa tangu usichana, alipanda pale juu penye mawe akapuliza filimbi, na aliyesikia alitoka. Hakuna aliyeuliza ni kwa nani. Kalunde aliimba, sisi tukaitikia, udongo ukarushwa juu, juu, mpaka tuta likasimama. Leo kwako, kesho kwangu. Nimechimba karibu kila shamba ambalo sasa ni fleti. Ninajua ni sebule ya nani iliyokalia mtaro wangu.

Baada ya ibada Kalunde akanikumbatia. Ananukia vizuri siku hizi. Ana nyumba za kukodisha zenye mabati ya rangi, chini tu ya shamba langu. Akasema, "Tuko pamoja, Mama Muthama." Nikamuuliza kama hiyo ni kuja ama si kuja. Akacheka, akaingia kwenye gari.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeenda Malili kununua maharagwe. Nimepotea. Mimi, kupotea Malili. Palipokuwa na kinu cha kusaga mahindi pana jumba la vioo, na nilikuwa nimezoea kukata kona kwenye kinu. Nikasimama kando ya barabara na kiondo changu kama mtalii, malori yanapita. Msichana wa duka akanihurumia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia nimezaliwa hapa. Akauliza, "Hapa wapi?"

Nilitaka kumwonyesha kwa kidole. Kidole hakikupata pa kwenda.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeloweka mahindi na maharagwe ya isyo. Mwenye mwethya ndiye hupika, na wachimbaji hawali kidogo. Nimeazima sufuria kubwa ya kanisa. Nilipokuwa naiviringisha kuja nyumbani, Mama Shiro akaniona. Huyu ni mama wa kutoka upande wa Murang'a, anauza mayai, anakaa katika nyumba za Kalunde. Ananiita shosho, nyanya kwa lugha yao. Huku kwetu tunasema susu, lakini nimechoka kumrekebisha.

Akauliza kama kuna matanga. Nikamwambia hapana, ni mwethya. Watu wanakuja wanachimba, wanakula, siku nyingine wanaenda kwa mwingine. Akauliza kama wanalipwa. Hawalipwi. Akafikiri, akauliza kama ni lazima mtu awe Mkamba.

Nikamwambia ni lazima awe na jembe. Nilikuwa natania.

Jumamosi, 28 Septemba

Sijui niandike nini kwanza.

Niliwasha moto kukiwa bado na giza. Jua likapanda. Hakuna mtu langoni. Kisha simu ikaanza kulia, nikafikiri wako njiani. Ni pesa. Wa kwanza Kalunde, na ujumbe: "Nimepata wageni. Nunua hata soda." Baadaye mwingine, na mwingine, wote wanaotoka nyumba ambazo mashamba yake niliyachimba. Sikuangalia ni kiasi gani. Nilikaa kando ya sufuria ya watu wengi nikalia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Vyangu kumi pia vimezeeka.

Halafu nikasikia vyuma vinagongana. Mama Shiro na mumewe, fundi wa madirisha wa kule mbele, na akina mama wawili wa ploti ile ile ya Kalunde ambao hata majina yao sikuyajua. Majembe mawili, beleshi la kuchanganya saruji, na fundi na sururu yake. Nikawaonyesha mtaro, nikarudi haraka jikoni kwa sababu isyo ilikuwa inaungua.

Nilipotoka walikuwa karibu kumaliza. Wanacheka, wana jasho, wamefanya kazi kweli kweli. Na udongo wote wameurusha chini. Wote. Umelala upande wa ua wa Mama Shiro, rundo refu, laini, halijakanyagwa. Upande huu hata mtoto wa chekechea anajua udongo hurushwa juu, ushike maji. Mimi ni mtu ambaye mdomo wake unajulikana mpaka Mutomo. Mdomo ukafunguka. Ukafungwa. Unamkaripiaje mtu ambaye hukumwita?

Wakala wakashiba. Mama Shiro akasema isyo yangu ni githeri tamu sana. Nikaacha.

Jioni Muthama akapiga, akauliza kama walitoka. Nikamwambia angoje. Niliowaita hawakuja. Waliokuja sikuwaita. Sasa hiyo ni mwethya imetoka au haikutoka?

Jumapili, 29 Septemba

Kalunde ameniuliza kanisani kama nilipata. Nikasema nilipata. Akasema siku hizi ni hivyo, hata matanga, mtu anatuma, na mkono mtupu haulambwi. Akanishika bega, akauliza habari ya mgongo wangu. Anajua mgongo wangu tangu tukiwa wasichana.

Kinachonichanganya ni hiki: alituma wa kwanza. Alinikumbuka kabla ya wote. Kama angekuwa mtu mbaya ningelala vizuri.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepanda pojo na mahindi. Nilitaka kurusha ule udongo juu mwenyewe. Nimerusha kidogo, mgongo ukakataa. Muthama anasema mnunuzi anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Kila siku Mama Shiro anapita langoni anautazama mtaro "wake". Aliniletea mayai. Nikayala. Nikanyamaza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Imeanza mchana na haitaki kuacha. Nilisimama mlangoni nikafurahi kama mjinga. Kisha nikakumbuka rundo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mitaro ya juu imeshika. Ile tuliyochimba na Kalunde akipuliza filimbi. Imejaa maji mpaka mdomoni na haijamwaga tone. Mtaro wa chini hauko. Rundo lote limepita chini ya ua.

Nimeenda kwa Mama Shiro. Tope limeingia mpaka chumba cha kulala. Trei za mayai zimegeuka uji. Udongo wangu uko juu ya godoro lake. Naujua kwa rangi.

Hakuwa na hasira. Akasema, "Shosho, ni mvua tu." Ningeweza kuiacha iwe mvua. Nikashindwa. Nikamwambia si mvua, ni vile udongo ulirushwa, ungerushwa juu tuta lingeshika. Akainuka na bakuli mkononi, miguu ikiwa ndani ya tope.

"Na uliona siku ile ile?"

Nikasema niliona.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuona mgeni."

Akainama, akaendelea kuchota tope na bakuli. Nikasikia aibu ambayo sijaisikia kwa miaka mingi. Kuna watu nimewakaripia shambani mpaka wakalia, na wakarudi Jumamosi iliyofuata, kwa sababu walikuwa wetu. Huyu nilimlisha nikamnyamazia. Nilidhani ni heshima.

Nimerudi nyumbani nikachukua simu. Nimemrudishia Kalunde pesa yake yote. Ujumbe: "Kesho asubuhi kwa Mama Shiro. Nyumba ni yako. Nunua hata jembe."

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua imepumzika. Nimefika na jembe langu kabla chai haijaiva kwao. Mume wa Mama Shiro alikuwa ameshatoa godoro nje. Fundi akaja, na wale akina mama wawili. Mmoja anaitwa Wanza, mwingine Kemunto. Niliuliza.

Kalunde akachelewa. Akaja na gambuti mpya ambazo bado zina karatasi ya bei, na jembe jipya. Hakusema neno juu ya pesa. Tukatoa tope ndani ya nyumba, kisha tukapanda kwangu na kuchimba mtaro upya. Nilisimama juu yao nikapiga kelele. Juu. Rusha juu. Wewe, fundi, hapo si dirisha, kanyaga. Mama Shiro akarusha beleshi moja chini, nikamwambia kama ana macho ayatumie. Akacheka mpaka akakaa. Akamwambia mumewe kwamba sasa shosho amepona.

Kalunde alichoka upesi. Filimbi alishaipoteza, anasema, hata hajui ilipotelea wapi. Hakuimba. Nilitaka aimbe, halafu nikaona hakuna ambaye angejua kuitikia ila mimi. Tulichimba kimya. Haikuwa kama zamani. Sijui ilikuwa kama nini.

Mama Shiro ndiye aliyepika, kwa sababu shughuli ilianzia kwake. Githeri. Nimekula sahani mbili.

Muthama amepiga jioni. Nimemwambia mnunuzi atafute mahali pengine. Akauliza kama basi mwethya imetoka. Nikamwambia sijui, asiniulize tena, nimechoka. Kweli sijui. Labda nimekosea, labda mwaka ujao nitakuwa namlilia anipeleke Kitui kwenye maji ya mfereji.

Jumamosi ijayo tuko kwa fundi, ana shimo la choo. Kalunde ameliacha jembe lake hapa, limeegemea langu ukutani. Amesema hakuna haja ya kulibeba, atalikuta.