Mvua Aliyoifunga Fortunatus

Masasi, Februari

Kaka Fortunatus,

Shikamoo. Huku tuko hai, ila mihogo imekauka.

Mama yuko kwangu tangu Jumapili. Unakumbuka alivyokuwa akifungulia redio sauti ya juu, kijiji kizima cha Mnyambe kimsikie mwanawe akitabiri hali ya hewa? Desemba ulisema mvua zitakuwa chache, zikawa chache. Sasa wanasema umezifunga wewe. Wamemchomea nyumba.

Nilikwenda kugombana nao. Nikawaambia anayesoma mawingu hayaamrishi. Mzee Ashiru akanijibu taratibu, “Mwalimu, miaka yote alikuwa anakosea. Mwaka huu amejuaje?” Watu wakacheka, na majivu bado yanafuka.

Nilirudi na hasira. Nikamwambia Mama nitawaandika gazetini, nitawashtaki, ujinga huu lazima ukomeshwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, baba,” akasema. “Lakini kwanza mwandikie kaka yako. Mwambie atuachie mvua, hata kidogo tu.”

Nimebishana na watu maisha yangu yote, kaka. Safari hii nikachukua kalamu.

Mdogo wako,
Gervas