Babu Kalima Ukoka Wangu

Lukresia uko wapi?? Sitaki pole, soma tu.

Nimerudi kazini nimekuta ukoka wangu wote umelimwa. WOTE! Mbele ya nyumba ni matuta ya viazi. Babu Donatus kakaa kibarazani na jembe lake, anatabasamu.

Eti si mara ya kwanza!

Mwaka hamsini na mbili alikuwa mchimbaji mgodini, huku huku Geita. Jumapili moja bwana mkubwa, Mzungu, akaamuru wapumzike, kila mtu afanye anachopenda. Sasa Msukuma wa enzi hizo anapenda nini? Kulima kwa ngoma! Na jirani akizidiwa na magugu, kundi zima linakwenda kumlimia.

Na yule bwana alikuwa na uwanja mzima wa majani, hakuna hata shina moja la mtama. Kila jioni, mtu mzima, anapiga kijipira kwa fimbo, kinaingia shimoni, anakitoa, anapiga tena. Babu akamhurumia: maskini, amerukwa na akili, ndiyo maana shamba limemshinda.

Wakaenda na ngoma. Wakalima uwanja WOTE, wanaimba, majembe wanayarusha juu na kuyadaka.

Mzungu akatoka na pajama, akalia. Nakwambia AKALIA! Babu akajua ni shukrani, akamkumbatia: "Usilie, bwana. Jumapili ijayo tunamalizia nyuma ya nyumba."

Lukresia, hapo na mimi machozi yakanitoka.

Babu kanipigapiga mgongoni, kachukua jembe, kaelekea nyuma ya nyumba.